Kabla Hujachimba Mtaro

Hotuba kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria, Jinja, katika Siku ya Ardhioevu Duniani

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji hiki, viongozi wetu wa dini, wazee, walimu na wanafunzi, mama zangu mnaosuka mikeka, wavuvi, vijana wa matofali, na ninyi ndugu zangu mnaolima mayuni, yaani magimbi, kule pembeni mwa kinamasi: hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunikaribisha. Nashukuru pia kwamba tumekubaliana tuzungumze Kiswahili, maana hapa naona Wasoga, Waganda, Wasamia, Wanubi na wageni kutoka ng'ambo ya ziwa, na sitaki hata mmoja wetu apitwe na jambo hili.

Leo ni tarehe 2 Februari. Siku kama hii mwaka 1971, katika mji wa Ramsar kule Iran, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kuhifadhi ardhioevu. Uganda ilijiunga mwaka 1988, na mwaka 2005 wanachama wote wa mkataba huo walikuja kukutana Kampala. Kwa hiyo nchi yetu si mgeni katika mambo haya. Kila mwaka siku hii tunakumbushwa kutunza kinamasi kwa ajili ya samaki wanaozaliana humo, ndege, na maji yanayochujwa kabla ya kufika ziwani. Yote hayo ni kweli na sina la kupinga. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakitajwi kabisa, nacho kinakanyagwa na kila anayeingia mle: udongo wenyewe.

Udongo wa dunia, ukihesabu mita moja ya juu tu, umebeba kaboni nyingi kuliko iliyomo katika hewa yote inayotuzunguka, kaboni ile ile ambayo ikigeuka hewa ya ukaa huipasha dunia joto. Na hakuna udongo unaolimbikiza kaboni nyingi katika eneo dogo kama ule unaokaa ndani ya maji. Nitakalosema leo ni hili: kaboni hiyo huletwa na mafunjo, lakini hulindwa na maji. Mama anayeingia na panga kukata mafunjo ya mkeka hajaigusa. Anayechimba mtaro wa kuondoa maji ndiye anayeifungulia mlango. Nikifanikiwa kuwafanya mkubaliane nami juu ya hilo, hata mkisahau mengine yote, nitaondoka nimeridhika.

Tazameni mabomba haya mawili hapa mezani. Ni mabomba ya plastiki ya kawaida. Tuliyashindilia udongoni, tukayatoa, kisha tukayapasua kwa urefu ili mwone kilichomo. Vijana, tafadhali yapitisheni polepole, na kila mtu aguse na anuse.

Bomba la kwanza limetoka ndani ya mafunjo, mahali ambapo maji hayakauki. Sehemu ya juu, kiasi cha shubiri moja, ni mizizi hai iliyofumana, bado myeupe, na ukiivuta haikatiki upesi. Chini yake mizizi ni ya kahawia, imekufa, lakini haijapotea. Mtaona vipande vya mashina ya mafunjo ambavyo mtoto anaweza kuvitambua, kwa sababu zile pembe tatu za shina bado zipo. Pembeni mwa baadhi ya mizizi pana michirizi ya rangi ya kutu, na ni kutu kweli. Funjo huteremsha hewa kutoka juu hadi mizizini kupitia matundu madogo yaliyojaa ndani ya shina lake. Kidogo huvuja, na chuma kilichomo katika matope kinashika kutu papo hapo. Teremkeni chini zaidi: rangi ni nyeusi tii, na vipande vya mimea vimekuwa laini lakini bado ni vipande. Mwisho kabisa, pale bomba lilipokataa kuingia, kuna udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Huo ndio uliokuwa uso wa ardhi kabla mafunjo hayajaota.

Bomba la pili limetoka katika shamba la mayuni lililo karibu, mahali palipochimbwa mtaro miaka iliyopita. Mwenye shamba ametupa ruhusa, na yumo humu ndani, namshukuru sana. Udongo wake ni mweusi pia, laini, unavunjika mkononi. Hamtaona shina wala mzizi wa zamani. Mfinyanzi wa kijivu uko karibu sana na juu. Mkulima akiuona atasema ni udongo mzuri, na kwa misimu ya mwanzo atakuwa amesema kweli, maana virutubisho vyote vilivyofungwa humo vinafunguka kwa mpigo. Sasa jiulizeni, yale mashina yaliyojaa kwenye bomba la kwanza, hapa yamekwenda wapi? Sehemu ya udongo imeshuka kwa kubanana baada ya maji kutoka. Iliyobaki imeozea hapo hapo, ikageuka hewa ya ukaa na kuondoka. Haikuacha hata majivu ya kutuonyesha.

Ili kuelewa kwa nini, mwulizeni mchoma mkaa yeyote. Akishapanga magogo na kuyawasha, kazi yake kubwa ni kufunika tanuri kwa udongo na majani ili hewa isiingie. Akizembea, tanuri likapasuka ubavuni, asubuhi hakuti mkaa, anakuta majivu. Kinamasi hakina moto, lakini sharti ni lile lile: mmea uliokufa ukifikiwa na hewa, kaboni yake inaondoka, ukifunikwa hewa isiufikie, kaboni inabaki. Kifuniko cha kinamasi ni maji. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri hewani, na ile kidogo inayopenya hutumiwa na bakteria katika sentimita chache za juu. Chini ya hapo hakuna kitu. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii haiozi kwa sababu imezamishwa.

Lakini maisha chini huko hayasimami. Bakteria wanaohitaji oksijeni wakishindwa, wanakuja wengine wanaoweza kupumua kwa naitreti badala ya oksijeni. Hiyo ikiisha wanakuja wa manganizi na wa chuma, kisha wa salfeti, aina ya chumvi yenye salfa, na mwisho kabisa, kila kitu kingine kikishatumika, wanabaki viumbe wanaotengeneza gesi ya methani. Kila kundi linapata nguvu kidogo kuliko lililotangulia, kwa hiyo uozaji unazidi kuwa wa polepole kadiri unavyoteremka. Mafunjo yanakua upesi, hadi mita 4 au 5 kwenda juu, tena ni kati ya mimea inayozalisha sana duniani. Uozaji ukishindwa kwenda kwa kasi hiyo, kinachobaki kinarundikana, na hiyo ndiyo mboji nyeusi mliyoishika.

Naomba sasa niwapeleke pwani kidogo, kwa sababu elimu hii nyingi ilianzia huko. Kwenye fukwe tulivu za Marekani, Uingereza na Uholanzi kuna vinamasi vya maji ya chumvi vilivyojaa nyasi ndefu. Bahari hupanda na kuvifunika, kisha hushuka na kuviacha. Pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa nafasi hiyo imechukuliwa na mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji na ya Lamu. Mwaka 1962 mwanasayansi John Teal alichapisha hesabu ya jinsi chakula na nguvu vinavyozunguka katika kinamasi cha kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia. Mwaka 1979 yeye na Robert Howarth walionyesha, katika kinamasi cha Sippewissett huko Massachusetts, kwamba sehemu kubwa ya uozaji katika matope yale hufanywa na bakteria wa salfeti.

Kwa nini hao? Kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina gramu 2.7 hivi za salfeti, na kila maji yanapojaa inaletwa nyingine. Bakteria wa salfeti hawapungukiwi. Wanakula kwanza, na wale wa methani wanabaki na njaa. Ndiyo maana matope ya pwani hunuka mayai viza, ambayo ni harufu ya gesi yenye salfa, na ndiyo maana vinamasi vyenye chumvi nyingi hutoa methani kidogo mno. Waliowahi kufika Katwe, kule kwenye ziwa la chumvi magharibi mwa nchi yetu, wanaijua harufu hiyo. Faida ya pili ya pwani ni kwamba kila maji yanapojaa huleta matope mapya, kinamasi kinainuka taratibu pamoja na bahari, na kaboni ya jana inazikwa chini ya matope ya leo. Vipimo vya sehemu nyingi vinatoa wastani wa gramu 200 hivi za kaboni inayozikwa katika kila mita mraba kwa mwaka. Tangu mwaka 2009 hazina hiyo ya pwani inaitwa kaboni ya buluu, na leo mataifa yanaiweka katika mipango yao ya tabianchi.

Sisi hatuna bahari. Maji ya ziwa letu ni matamu na salfeti yake ni kidogo sana. Kwa hiyo katika matope yetu wale wa mwisho kwenye foleni, watengeneza methani, wanafikiwa na zamu. Mapovu mnayoyaona mkikanyaga matope au mkichomeka pondo ni yao. Nyingine haipiti hata majini: inapanda ndani ya shina la funjo, kwa njia ile ile ambayo hewa hushukia, na kutokea juu. Na methani ni kali. Kilo moja yake, ukipima kwa miaka 100, inapasha dunia joto sawa na kilo 28 hivi za hewa ya ukaa.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimesikia watu wenye elimu wakilitumia vibaya. Wanasema: kama kinamasi kinatoa methani, basi si tukikaushe, tulime mpunga, dunia ipoe? Hapana. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hoja hiyo inavutia na inaweza kuuza kinamasi chote kwa siku moja.

Methani haidumu hewani. Baada ya muongo mmoja hivi sehemu kubwa yake imekwisha vunjwa. Kinamasi ambacho kimekuwepo kwa maelfu ya miaka kinatoa methani mpya huku ya zamani ikivunjika, na hewa imekwisha kuizoea kazi hiyo. Ukikikausha unapunguza methani, ni kweli, ingawa mitaro yenyewe, ile yenye maji yaliyotuama na majani yanayooza, huendelea kuitoa. Lakini wakati huo huo umefungua kaboni iliyokusanywa tangu kabla ya babu wa babu zetu, inatoka kama hewa ya ukaa, na hiyo sehemu yake isiyo haba itakuwa bado hewani wajukuu wa watoto hawa watakapokuwa wazee. Inatoka kila mwaka, msimu baada ya msimu, mpaka mboji iishe.

Ni kiasi gani? Vipimo vya karibu nasi vipo. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwanasayansi Michael Jones na mwenzake walipima mafunjo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Pale ambapo maji yalifunika mabaki ya mimea, kila mita mraba ilikuwa ikiingiza kilo 1.6 za kaboni kwa mwaka. Maji yaliposhuka, mabaki na mashina ya chini yakapigwa na hewa, mahali pale pale pakageuka pakaanza kutoa kilo 1 kwa mwaka. Tuiweke katika ekari, kipimo tunachokijua: tani 6 na nusu hivi za kaboni zikiingia wakati wa maji, na tani 4 zikitoka wakati wa ukavu. Mafunjo ni yale yale, udongo ni ule ule, kilichobadilika ni kimo cha maji tu. Katika yote niliyosoma juu ya mafunjo, hiyo ndiyo habari inayonishika zaidi.

Hapa ni lazima niwe mwangalifu, maana namba zinaweza kudanganya bila kusema uongo. Mtu asichukue kilo 1.6 za Naivasha akazilinganisha na gramu 200 za pwani, kisha akajisifu kwamba sisi tunawapita mara 8. Zile za pwani ni kaboni iliyokwisha kuzikwa, imehesabiwa baada ya miaka mingi ya kuoza. Zile za Naivasha ni kaboni inayoingizwa na mafunjo yenye afya. Sehemu yake itaoza, sehemu itasombwa na mawimbi, na sehemu tu ndiyo itakayozikwa. Watu wanaokuja vijijini wakiahidi fedha za kaboni hupenda kutaja namba kubwa. Waulizeni swali moja: hiyo ni inayoingia, au ni inayobaki?

Na hapa kwetu Jinja kazi imefanyika. Katika kinamasi cha Kirinya, ambacho wengi wenu mnakipita, Matthew Saunders, huyo huyo Michael Jones, na Frank Kansiime wa Chuo Kikuu cha Makerere walipima hewa ya ukaa na mvuke wa maji vinavyoingia na kutoka juu ya mafunjo, wakachapisha mwaka 2007. Baadaye, mwaka 2012, Saunders na wenzake walitoa ulinganisho wa mafunjo ambayo hayajaguswa na sehemu iliyogeuzwa shamba la mayuni. Mayuni nayo ni mmea wa kijani, nayo huvuta kaboni mchana. Tatizo ni kwamba mayuni yenyewe yanavunwa na kupelekwa sokoni, majani yanaondolewa, na udongo unapigwa jembe na kukaushwa. Kilichovutwa hakirudi ardhini, na kilichokuwa ardhini kinatoka. Kinamasi kikapoteza kazi yake ya kuweka.

Wazee waliotoka Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi yetu, wanaweza kutusimulia zaidi yangu. Kule mabonde ya mafunjo yalianza kukaushwa kwa mpango katikati ya karne iliyopita, watu wakapata mashamba ya viazi na malisho ya ng'ombe wa maziwa, na sitasema hawakufaidika. Lakini katika baadhi ya mabonde, udongo ulipokauka uligeuka asidi kali, mazao yakakataa. Salfa iliyokuwa imelala katika matope bila hewa ilikutana na oksijeni ikawa tindikali. Watu wa pwani wanaijua sana balaa hii kwa sababu matope yao yana salfa nyingi. Sisi tulidhani haituhusu.

Na kuhusu umri wa hiki tunachokichezea: ndani ya msitu wa Bwindi kuna kinamasi kinaitwa Mubwindi. Watafiti walipochimba matope yake na kuyapima umri, walifika kwenye tabaka lenye zaidi ya miaka 40,000. Ndani ya matope hayo kuna chavua za miti iliyoota wakati dunia ilikuwa baridi kuliko leo, na kwa kuzisoma tunajua msitu ulivyopungua na kurudi. Mtaro unaweza kuchimbwa na vijana wanne kwa wiki moja.

Sheria ipo. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia ardhioevu kwa niaba ya wananchi wote, na mwaka huo huo nchi ilipata sera yake ya taifa ya ardhioevu, mapema kuliko majirani zetu wote. Hata hivyo, takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba ardhioevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na kufikia 2019 ilibaki asilimia 8.9. Sisemi haya ili kumnyoshea kidole mkulima wa nusu ekari. Anayelima kinamasini mara nyingi ni yule ambaye shamba la mlimani limegawanywa kwa kaka na dada mpaka halitoshi, na mvua zimekuwa hazitabiriki. Ninachokitaka ni tuzungumze lipi linaharibu sana na lipi linaharibu kidogo, kwa sababu kuambiwa "usiguse kabisa" hakujawahi kumlisha mtoto.

Mama zangu wa mikeka, ninyi endeleeni. Kata mafunjo juu ya maji, acha mashina ya chini na mizizi, na usirudi sehemu ile ile mpaka karibu mwaka mmoja upite, maana mafunjo yakikatwa mara kwa mara yanadhoofika na magugu yanachukua nafasi. Ukifanya hivyo, mboji haina habari kwamba ulipita.

Wanaochoma mafunjo kiangazi ili yachipue au wapate njia ya samaki: moto ukipita juu ya maji unakula vichwa tu, na mafunjo yanarudi. Lakini ukipita mahali palipokaushwa unaingia ndani ya udongo. Utafuka wiki nyingi bila mwali, na hakuna ndoo itakayouzima. Kama kuna mtaro karibu, msiwashe.

Vijana wa matofali, ninyi nawaambia kwa uchungu kwamba kazi yenu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu mfinyanzi mnaoutafuta uko chini ya mboji. Kuufikia lazima muiondoe yote, muirundike pembeni, na huko inaoza upesi. Mfinyanzi upo pia katika sehemu zisizo na mafunjo, na mwenyekiti ameniambia kuna majadiliano ya kuwatafutia mahali. Nawaombea yafike mwisho mwema, na naomba msiyaachie njiani.

Na ninyi wa mayuni, ambao ndio nimewafikiria sana wakati wa kuandaa maneno haya. Mayuni ni zao linalovumilia maji. Haliogopi udongo uliolowa kama mahindi au maharage. Basi mtaro wa kina cha kiuno wa nini? Palipo na mtaro tayari, uzibeni kwa viroba vya udongo hatua kwa hatua, maji yapande mpaka karibu na uso wa ardhi, na mayuni bado yatakaa. Hamtapata shamba kavu la kutembea kwa viatu, na hamtaweza kulima kabichi. Lakini udongo wenu utaacha kushuka. Siwadanganyi: maji yakirudi, miezi ya mwanzo methani inaweza kuongezeka, na mboji iliyokwisha kuondoka haitarudi katika uhai wetu. Kinachopatikana ni kuzuia iliyobaki isitoke, na iliyobaki ni nyingi.

Wavuvi na watu wa umeme mnakumbuka Aprili 2020, ziwa lilipokuwa limejaa kuliko ilivyozoeleka kwa miaka mingi, kisiwa kinachoelea kilipong'oka na kwenda kuziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, nchi nzima ikaingia gizani. Wengi walikiona kama takataka. Kile kilikuwa ni kipande cha kinamasi, mafunjo pamoja na udongo wake. Ziwa litaendelea kupanda na kushuka kama lilivyofanya siku zote, na lililoshuka sana 2005 na 2006 ndilo hilo hilo. Kinamasi kisichokatwakatwa kwa mitaro huhimili mabadiliko hayo vizuri zaidi.

Sasa kazi. Nchini Uingereza, mahali paitwapo Holme Fen, walipokuwa wakikausha bwawa kubwa miaka ya 1850, walisimika nguzo ya chuma katika mboji hadi ikashika chini, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama wazi mita 4 hivi. Haikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka, na watu wanaweza kwenda kuiona kwa macho yao.

Hatuhitaji nguzo ya namna ile. Nimekuja na nondo za ujenzi za milimita 12, ziko pale nyuma ya hema. Tuzichomeke wima mpaka zikatae kwenye mfinyanzi: moja ndani ya mafunjo yaliyoshika ardhi, wala si yale yanayoelea, maana yale hupanda na kushuka na maji, moja pale mama zetu wanapokata, moja katika shamba la mayuni lenye mtaro, na nyingine katika shamba ambalo mwenyewe atakubali kuziba mtaro wake. Kila nondo ipakwe rangi nyekundu pale inapokutana na uso wa udongo leo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wanafunzi wawili na mwenye shamba wapime kwa rula umbali kutoka ile rangi hadi kwenye udongo, kisha wapime kina cha maji; kama maji yako chini, wachimbe shimo dogo mpaka wayafikie. Waandike tarehe, namba mbili hizo, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Daftari likae kwa mwalimu wa sayansi, nakala ikae kwa mwenyekiti.

Mwalimu amekwisha kukubali. Kilichobaki ni mashamba mawili, na ningependa wenye mashamba hayo wajitokeze wenyewe kabla hatujaenda kula. Misimu miwili ya mvua ikipita nitarudi, tutalisoma daftari hilo hapa mbele ya watu wote, na wao ndio watakaozungumza kwanza.